Oili ya Giaboksi na Gari la Amana



Huenda ukastaajabu kuona kwamba mwalimu wa chuoni, aliyezoea kukuandikia juu ya adabu za mwanafunzi na haki za wazazi, mara hii anakuandikia juu ya oili ya giaboksi. Mimi sikusomea ufundi wa magari. Nilisoma chuoni kwa masheikh wangu, na kalamu yangu ilianza kwa wino na ubao. Walakini gari liliharibika mkononi mwangu, na gari hilo halikuwa langu. Na kwa kuwa misikiti, madrasa na nyumba nyingi siku hizi zina magari ya namna ile, nimeona ni haki nikueleze yaliyonifika, pengine yakakuepushia gharama, na kubwa zaidi, yakakuepushia dhamana ya roho za watu.

Mwaka 2015 wazazi wa watoto wa madrasa yetu, iliyo nje kidogo ya mji wa Tanga kwa njia ya Pangani, walichangishana fedha wakanunua gari la mtumba kutoka Japani, lenye viti vinane, la gia otomatiki. Wapo waliotoa shilingi laki, na yupo mama mmoja muuza maandazi aliyetoa elfu mbili kila Ijumaa kwa muda wa miezi saba. Shabaha yao ilikuwa watoto wa vijiji vya mbali wasitembee gizani baada ya Isha. Siku ya kulipokea walinikabidhi mimi ufunguo mbele ya watu, na saa ya gari ilikuwa inasoma kilomita 92,000.

Nililitunza kwa kadiri ya akili yangu. Oili ya injini ilibadilishwa kila kilomita 5,000 bila kukosa. Matairi, breki, bima na maji ya rejeta, yote niliyaangalia. Nikamwuliza yule aliyetuuzia, je, na oili ya giaboksi hubadilishwa lini? Akanijibu: "Hiyo haibadilishwi, Shekhe. Imetiwa kiwandani, ni ya maisha."

Nataka uangalie vizuri hapa, kwani hapa ndipo kosa langu lilipoanzia. Neno lile nililikubali upesi sana. Mimi ambaye mwanafunzi wangu akiniletea kauli humwuliza kaipata wapi na kwa nani, sikumwuliza yule bwana kaipata wapi kauli yake. Na sababu naijua: neno lile lilinipunguzia gharama. Mwanadamu hupenda kuambiwa "milele" pale ambapo milele humwachia fedha mfukoni.

Ningelikumbuka mambo ya nyumbani kwetu, nisingelidanganyika. Katika miaka ya 1970 mjomba wangu alikuwa na lori la Bedford lililochukua nazi na mbata kutoka Pangani kuja Tanga. Kila masika yakiisha alitandika gunia chini ya lori, akalala chali, akamwaga oili ya giaboksi na ya difu, akaipokea katika karai na kuitazama juani. Alikuwa akisema kwamba lori lililovuka maji ya mto haliaminiki ndani mpaka uone. Hiyo ilikuwa gia ya mkono, na oili yake nzito yenye harufu kama ya kiberiti. Lakini mjomba, ambaye hakuwa na kitabu cha gari wala hakujua kukisoma, alijua jambo moja: kilichofichika hakijui kuomba, lazima mwenyewe ukiendee.

Basi miaka sita ikapita. Mwanzoni mwa mwaka 2021 gari likaanza tabia mpya. Asubuhi ukilitia katika gia ya kurudi nyuma, halikuondoka hapo hapo. Lilisita kidogo, kama mtu aliyeitwa usingizini, kisha likashtuka na kwenda. Kijana wetu ustadhi, ambaye ndiye dereva, aliniambia. Nikamwambia ni baridi ya asubuhi. Baridi gani ya Tanga, ndugu msomaji? Mimi mwenyewe nilijua kwamba nasema neno la kujifariji tu. Tukakaa hivyo miezi mitano.

Mwezi wa Juni tukaalikwa Lushoto katika mashindano ya watoto ya kuhifadhi Qur'ani. Tulikuwa mimi, dereva na watoto sita, pamoja na mizigo ya chakula na vitabu. Tukapita Muheza, Segera na Korogwe salama. Mwenye kuijua njia ya kutoka Mombo kupanda Usambara anajua ninalotaka kusema: barabara ni nyembamba, imejipinda, upande mmoja mwamba na upande mmoja bonde, nayo hupanda hadi mji wa Lushoto ulio karibu mita 1,400 juu ya bahari. Kabla ya kufika Soni, injini ikaanza kulia kwa nguvu, na gari halizidi mwendo. Dereva alikanyaga mafuta, kelele ikaongezeka, mwendo ukapungua. Kisha tukasikia harufu ya kuungua. Kisha, katika kona, gari likasimama, na likataka kurudi nyuma.

Breki zilishika, alhamdulillahi. Nilishuka nikachukua jiwe kwa mikono yangu miwili nikaliweka nyuma ya gurudumu, na watoto wakashuka mmoja mmoja upande wa mwamba. Mdogo wao alikuwa na miaka tisa. Alinishika kanzu asiseme kitu. Katika umri wangu nimezika wazazi na masheikh zangu, lakini sikumbuki kuwa moyo wangu uliwahi kutetemeka kama pale nilipolihesabu lile kundi la watoto, nikalihesabu tena, hali ya kuwa najua kwamba nililijua tatizo miezi mitano nyuma.

Tulipata gari jingine la kuwafikisha watoto, na letu likavutwa hadi Tanga, kwa fundi mmoja wa Ngamiani. Fundi huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Aliondoka chuoni kabla ya kumaliza, akaenda kujifunza gereji, na nakiri kwamba siku ile nilisikitika nikadhani amepotea. Sasa ilikuwa zamu yangu kukaa juu ya kigoda nisomeshwe.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Tazama tulivyofanya."

Alivuta ile stiki ya kupimia oili ya giaboksi, akaipangusa katika kitambaa cheupe. Ikatoka nyeusi, na harufu yake kama chungu kilichounguzwa mboga. Kisha akaleta chupa mpya, akadondosha tone pembeni yake katika kitambaa kile kile. Lilikuwa jekundu, safi, kama sharubati ya rosela. Akasema: "Maalim, hii nayo ilikuwa hivi siku ilipotiwa."

Halafu akafungua sampo ya giaboksi. Ndani yake mna sumaku ndogo zilizowekwa kukusanya unga wa chuma. Akazitoa zimevaa tope jeusi kama masizi ya jiko. Unga mwembamba kidogo, alisema, ni kawaida katika gari lolote lililotumika; lakini hizi zilikuwa na vipande unavyoweza kuvisikia kwa vidole. Akanieleza kazi ya oili hii, nami nakueleza kama nilivyofahamu.

Katika gari la gia ya mkono, mguu wako hukanyaga klachi na mkono wako huchagua gia. Katika otomatiki kazi hizo zote mbili hufanywa na oili. Baina ya injini na giaboksi pana kifaa ambacho mafundi hukiita konvata. Mfano wake ni feni mbili zinazotazamana: ukiiwasha moja, upepo wake huizungusha ya pili ijapokuwa hazikugusana. Mahali pa upepo, humo mna oili. Kisha ndani ya giaboksi mna sahani nyembamba za klachi zilizopangwa kama chapati katika sinia, na oili hiyo hiyo, kwa kusukumwa na pampu, ndiyo inayozibana na kuziachia ili gia zibadilike. Oili hupita katika vijia vyembamba kama njia za siafu, na kila kijia kina kazi yake. Tena ndiyo inayolainisha vyuma, na ndiyo inayochukua joto na kulipeleka katika rejeta likapoe. Kwa hivyo ni kitu kimoja chenye kazi nne: kusukuma, kubana, kulainisha na kupoza. Ikichoka, hazichoki kazi moja moja. Huchoka zote pamoja.

Magari ya namna hii si ya jana. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa giaboksi ya otomatiki iitwayo Hydra-Matic mwaka 1939, kwa magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, nayo ndiyo ya kwanza ya aina yake kutengenezwa kwa wingi. Na kwa miaka mingi oili yake ilichanganywa na mafuta ya nyangumi, kwa sababu mafuta hayo yana tabia nzuri ya kuzifanya sahani zishikane bila kukwaruzana, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilipopiga marufuku ili wanyama wale wasiangamie, na watengenezaji wakalazimika kutafuta dawa nyingine mahali pake. Nalitaja hili ili ujue kwamba oili hii si mafuta matupu. Ni mchanganyiko wa dawa nyingi: ya kuzuia povu, ya kuzuia kutu, ya kusafisha, na ya kupima ushikaji wa sahani. Mafuta yenyewe huweza kubaki ndani, lakini dawa hizo hupungua nguvu.

Nikamwuliza: "Je, aliyesema ni ya maisha alisema uongo?"

Kijana yule akawa na insafu kuliko nilivyotazamia. Akasema si uongo wote. Ndani ya giaboksi hamna moto kama wa injini, kwa hivyo oili yake haichafuki kwa moshi na masizi, na hudumu zaidi sana kuliko oili ya injini. Gari linalotumiwa polepole, katika barabara tambarare na nchi ya baridi, huenda likafika mbali bila kuguswa. Lakini adui wa oili hii ni joto, na joto huletwa na kazi: kupanda milima, kubeba watu wengi, kuvuta mzigo, na kusimama na kuondoka katika msongamano wakati wa jua kali. Akaniambia kwamba vitabu vingi vya magari, hata vile vinavyosema hakuna haja ya kubadilisha katika matumizi ya kawaida, vina ukurasa mwingine wa matumizi magumu, na huko huandikwa kilomita. Kisha akaniuliza: "Sasa gari la madrasa, Maalim, la watoto wanane asubuhi na jioni katika njia ya vumbi, na Lushoto mara mbili kwa mwaka, hilo ni matumizi gani?"

Sikuwa na jibu. "Maisha" yaliyotajwa yalikuwa maisha ya gari jingine, si la kwetu. Na tena maisha ya nani? Giaboksi ikifa pamoja na oili yake, basi kweli oili ile imedumu maisha yote ya giaboksi!

Hapa niseme na upande wa pili, kwani insafu haina ndugu. Mwenye kuuza gari hupenda kukwambia halina gharama. Na mwenye kuuza oili hupenda ubadilishe kila mwezi. Wote wawili wana faida yao katika maneno yao. Kinga yako baina yao ni kuijua kazi yenyewe, na kukifungua kitabu cha gari lako.

Basi ni lini? Nimemwuliza fundi huyu na mafundi wengine, na nimesoma, na majibu nayaweka kwa mpango.

Kwanza, ukinunua gari la mtumba usilolijua historia yake, usitegemee saa ya kilomita peke yake, kwani saa hurudishwa nyuma na watu wasiomwogopa Mungu. Mpe fundi aitazame oili. Ikiwa gia zinaingia vizuri, ibadilishe, kisha uanze hesabu yako mwenyewe tangu siku hiyo.

Pili, kwa kazi ngumu kama ya kwetu, mafundi wengi hushauri kila kilomita 40,000 mpaka 60,000. Vitabu vingi huruhusu hadi karibu 100,000. Ikiwa kitabu cha gari lako kimetaja idadi ndogo zaidi, kifuate kitabu.

Tatu, usingoje dalili. Kusita kwa gia, kushtuka, injini kulia bila mwendo, harufu ya kuungua: hizi si habari za kuja kwa ugonjwa, bali ni habari kwamba ugonjwa umekwisha kaa. Oili ikibadilika kutoka nyekundu kuwa ya kahawia, hapo bado una nafasi. Ikiwa nyeusi na inanuka, nafasi ni ndogo. Lakini jua pia kwamba si oili zote za giaboksi ni nyekundu tangu mwanzo. Uliza ya gari lako ilikuwa na rangi gani ilipokuwa mpya.

Nne, ukiona matone chini ya gari, au gari likiingia katika maji ya mafuriko, usihesabu kilomita. Nenda siku hiyo hiyo. Na ikiwa oili imegeuka kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, maji yameingia, aghalabu kutoka katika rejeta, na gari hilo lisiendeshwe hata kidogo.

Na katika namna ya kubadilisha, mna mambo ambayo watu hukosea. Ukifungua nati ya chini, haitoki oili yote. Hutoka sehemu tu, na iliyobaki imo katika konvata na katika mirija. Kwa hivyo wenye ujuzi hutoa na kutia, gari likaendeshwa, kisha wakarudia mara ya pili na ya tatu. Chujio na sumaku zisafishwe au zibadilishwe inapofunguliwa sampo. Kisha aina ya oili. Kijana wangu alisema: "Nyekundu zote si ndugu, Maalim." Toyota ilikuwa na oili yake ya T-IV, kisha ikaja na WS, na hii haitiwi mahali pa ile kwa kubahatisha. Na yako magari yenye giaboksi ya mkanda, ile waiitayo CVT, ambayo ina oili yake mbali kabisa. Ukiitia oili ya otomatiki ya kawaida umeiua kwa mkono wako. Hata upimaji unatofautiana: magari mengi hupimwa yakiwa yamepata joto na injini inazunguka, mengine injini ikiwa imezimwa, na mengine hayana stiki kabisa, bali hupimwa na fundi kwa nati maalumu na kwa kiwango maalumu cha joto. Ikizidi hutoka povu, ikipungua hukosa nguvu ya kubana. Zote mbili ni hasara.

Nikamsihi: "Basi mwanangu, tutie oili mpya sasa, yaishe."

Akatikisa kichwa. Sahani zilizokwisha kulika hazirudishwi na oili. Tena akanieleza jambo ambalo limewapa watu wengi dhana mbaya. Katika giaboksi iliyopuuzwa, ule unga wa sahani ulioenea ndani ya oili nyeusi huweza kuwa ndio unaosaidia sahani hizo zishike kidogo. Ukiuondoa, gari huweza kukataa kwenda siku hiyo hiyo, na mwenye gari akaapa kwamba oili mpya ndiyo iliyoliua. Ndipo ikaenea kauli kuwa otomatiki haiguswi. Oili mpya haikuua kitu. Ilifunua maiti iliyokuwa imefunikwa. Kwa sababu hii, gari lililochelewa sana lisipelekwe kwenye mashine ya kusukuma oili kwa nguvu, bali fundi mwaminifu alitazame kwanza, na akuambie kweli hata ikiwa chungu.

Kweli yetu ilikuwa chungu. Giaboksi nyingine ya mtumba pamoja na kazi yake ilihitaji shilingi milioni moja na laki sita. Kuibadilisha oili kwa wakati wake ingelikuwa kiasi cha laki moja na nusu.

Kamati ikakutana. Mmoja katika wajumbe, mtu mwema ambaye michango yake ni mingi, akasema kwa upole: "Shekhe, tusijitie taabu. Iko dawa nzito inauzwa dukani, ukiitia giaboksi hutulia wiki moja au mbili. Tulioshe gari, tuliuze kwa mtu wa mbali, tuongeze fedha tununue jingine. Sote tunauziwa hivyo hivyo."

Ndugu msomaji, nikisema kwamba nilisimama pale pale nikakataa, nitakuwa nakudanganya. Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu njia ile ilikuwa inanificha mimi. Gari likiuzwa, hakuna atakayeuliza liliharibikaje. Mkutano ukaahirishwa hadi kesho, nami nikaenda nyumbani.

Usiku ule nilikumbuka kisa ambacho nimekisomesha kwa zaidi ya miaka thelathini. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakutana na umaji. Mwenye mali akasema kuwa kilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi asikiweke kilicholowa juu, watu wakakiona. Kisha likafuata onyo kali juu ya mwenye kughushi. Watoto wangu wote wanakijua kisa hiki kwa moyo. Na oili nyeusi chini ya gari lililooshwa likang'aa, ndiyo umaji ule ule chini ya rundo. Tena huyo mtu wa mbali atakayelinunua, je, naye hatapakia watoto? Hatapanda mlima?

Asubuhi nikaiambia kamati kila kitu: neno la muuzaji nililolipokea bila kuuliza, miezi mitano ya "baridi ya asubuhi," na kona ya Soni. Nikasema gari lisiuzwe kwa kificho, na kwamba gharama ya giaboksi ni juu yangu, kwani mwenye amana akizembea hana budi kulipa. Niliuza mavuno ya minazi yangu ya misimu miwili na mashine ya kushonea ya marehemu mke wangu, na zilizobaki nikalipa kidogo kidogo mpaka mwaka 2022.

Yule mjumbe hakukasirika. Alikaa kimya, kisha akasema neno ambalo limenisaidia kuliko fedha: "Shekhe, na sisi tunalo fungu letu. Tulikupa ufunguo, na katika miaka sita hatukukuuliza jambo lolote isipokuwa petroli."

Tangu siku hiyo ndani ya gari mna daftari la kurasa tisini na sita, kama la watoto wa shule. Limeandikwa tarehe, kilomita, aina ya oili, lita zilizotoka na zilizotiwa, na jina la fundi. Kila mwezi mjumbe mmoja wa kamati hulisoma na kutia sahihi, na kwa zamu hata yule mama wa maandazi hulisoma, kwani naye ni mwenye mali. Kila baada ya kilomita 40,000 gari huenda Ngamiani, na kijana wangu huniwekea kigoda.

Wiki iliyopita nililifungua daftari lile. Zimebaki kilomita 3,000. Stiki bado inatoka nyekundu, imeingia ukahawia kidogo tu. Nimekwisha mwambia dereva kwamba hatutangoja zitimie, kwa sababu mwezi ujao tuna safari ya Lushoto.

Nawe, ndugu yangu, ikiwa kuna gari la watu mkononi mwako, usilale leo mpaka umeuliza oili yake ilibadilishwa lini, na usikubali jibu lisilo na tarehe. Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyazembea, na atuwezeshe kuzirudisha amana kwa wenyewe zikiwa salama. Wabillahi tawfiq.